Mtoto Aliyemfuata Kavira

Ninyi mnaovaa bluzi nyeupe za uuguzi kwa mara ya kwanza, kila mnapopita hapa Kibua kunisalimia mnaniuliza jambo lilelile: mama aliye kwenye dawa za kupanga uzazi, akitaka kuzaa tena, aache lini? Mnataka jibu fupi la kubandika ukutani. Jibu fupi lipo, nitawapa. Lakini kaeni kidogo, niwape na habari ya Kavira, maana hiyo ukuta wenu hauwezi kuibeba.

Nilifanya kazi ya ukunga na ya kupanga uzazi kwenye barabara hii, kutoka mpakani na Masisi kuteremka Walikale, hadi magoti yalipoanza kukataa milima. Aliyenifundisha ni Mama Jeanne, mama wa Kihunde kutoka Masisi, mfupi, mwenye shamba la maharagwe ambalo hakuliacha hata siku moja kwa ajili ya mshahara. Mama Jeanne alikuwa akituambia kwamba mama akija kutaka dawa, wauguzi wengi wanamuuliza anataka kupumzika namna gani, halafu wanaishia hapo. "Mumuulize na siku ya kurudi," alisema. "Hakuna mutu anafunga nyumba bila kujua fungulo iko wapi."

Basi funguo ni hizi. Anayemeza vidonge, amalize pakiti yake, aache. Anaweza kushika mimba mwezi uleule. Mwenye kitanzi au kijiti cha mkononi, kile watu huku wanaita batone, aje siku anayotaka mtoto. Ukikitoa, mlango umefunguka. Hakuna haja ya kupumzisha mwili kwanza, hakuna haja ya kusafisha tumbo. Dawa haibaki mwilini kama masizi kwenye chungu. Mpeni tu vidonge vya foliki, vya kumjenga mtoto tumboni, aanze kumeza mapema, kabla ya mimba.

Palikuwa na mchimbaji mmoja wa Rubaya aliyeambiwa na wenzake kule machimboni kwamba mke akiacha vidonge ni lazima wangoje mavuno mawili ili damu itulie. Akamwachisha mkewe, akarudi mlimani kubeba mizigo, akija nyumbani mara mojamoja. Alipokuja kituoni na mkewe, mama wa watu alikuwa anatapika hata akisikia harufu ya chai. Mume akanitazama kwa huzuni, akasema, "Mama Sifa, mugeni amefika, hatujatandika mukeka." Nikamwambia atandike haraka.

Sindano ndiyo tofauti. Sindano ya miezi mitatu ikishaingia, imeingia. Inatoka polepole kwa saa yake yenyewe, na hata baada ya miezi yake kwisha, mwili unaweza kuchelewa kukumbuka kazi. Kuna wanawake wanaoshika mimba mapema, na kuna wanaokaa karibu mwaka tangu sindano ya mwisho, hata kupita. Kwa hiyo mama akikuambia, "Nataka mtoto mwaka ujao," mwambie aachane na sindano mapema, atumie vidonge au kapoti, yaani kondomu, mpaka wakati wake ufike. Mwambie siku anayoanza, asije akayajua hayo siku anayolia.

Kavira aliyajua siku anayolia.

Alikuwa mke wa Kambale, mfanyabiashara Mnande wa upande wa Butembo aliyefungua duka pale Kashebere, kilipokuwa kituo changu, kando ya barabara. Waliuza chumvi, sabuni, mawese, betri na vitenge. Kambale alikuwa na lori pia, hivyo nusu ya maisha yake aliyapitisha barabarani na nusu chini ya lori akilitengeneza. Duka lilishikwa na Kavira pamoja na mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Mama Kambale. Mama huyo alikuwa mtu wa misa na rozari, mkali wa maneno, lakini alimpenda mkamwana wake kuliko alivyojua kuonyesha.

Mtoto wa kwanza wa Kavira alikuwa mvulana. Baada ya kumzaa alichagua sindano ili ampe nafasi ya kukua. Mtoto alipoanza kutambaa, homa ilimkamata wakati barabara imefungwa na risasi na dawa za kituo zimekwisha. Alikufa mikononi mwa bibi yake. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Na sindano ya mwisho ya Kavira ilikuwa imechomwa siku chache tu kabla ya homa ile.

Matanga yalipokwisha alikuja kituoni, akakaa mbele yangu, akakunja mkono wa kitenge hadi begani. "Mama Sifa," alisema, "ile sindano mulinichoma, muitoe. Nataka mutoto."

Nilimshika ule mkono. Ulikuwa mkono mzuri, wa moto, hauna hata alama. Nilimweleza kwamba sindano ni kama mvua iliyokwisha kuingia udongoni. Huwezi kuichota tena, unangoja jua. Nikamwambia tutangoja pamoja, na kwamba hajaharibika kitu. Alisikiliza, akateremsha kitenge, akaondoka.

Tangu hapo kila siku ya soko alipita kuniona. Nilimpa foliki, nikampima wekundu wa macho, nikamuuliza habari za mwezi. Damu haikuja. Miezi ya sindano ikaisha, damu haikuja. Nilimwambia ni kawaida, na ilikuwa kawaida. Lakini neno kawaida ni jepesi mdomoni mwa mwuguzi na zito tumboni mwa anayengoja, na kule nyumbani lilikuwa limeanza kukataliwa.

Mnaijua Kashebere wakati wa mvua. Ukungu unateremka saa sita za mchana, unasikia pikipiki inapita mbele yako na huoni hata taa yake. Siku moja ya namna hiyo Kavira aliingia kituoni, akakaa mwisho wa benchi, kisha akasogea kidogo kuelekea ukutani, kama mtu anayempa mwingine nafasi. Kulikuwa na mama mmoja tu pale ndani, amekuja kuchanjisha mtoto wake.

Nilipomwita hakuinuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuuzia chumvi, "Mama, iko mutoto ananifuata."

Nilimuuliza mtoto wa nani.

"Sijue. Iko nyuma yangu mu njia. Nikisimama, anasimama. Nikigeuka, hapana mutu. Lakini miguu yake nasikia." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza, "Haniogopeshe. Anangojea tu."

Kabla sijajibu, yule mtoto wa chanjo, mtoto aliyekuwa amejua kutembea majuzi tu, alijiteremsha kutoka magotini mwa mama yake. Alikuwa ameshika kipande cha hindi la kuchoma. Akatembea kwa kuyumba hadi pale kwenye benchi, hadi mahali pale patupu kando ya kitenge cha Kavira, akanyoosha hindi lake. Akalishika hivyo, amelinyoosha, akitazama kitu kilicho sawa na kimo chake. Kisha akacheka, akarudi kwa mama yake. Yule mama akamfuta mdomo. Mimi nikapanga bomba zangu za sindano mezani, ingawa zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Hapa nisikilizeni kama wafanyakazi. Mtu aliyefiwa akikuambia jambo kama hilo, usicheke, na usimkimbize kwenye maombi. Muulize anakula? Analala? Hiyo sauti au hiyo miguu inamwagiza ajiumize? Nilimuuliza yote. Alikuwa anakula, analala, anauza duka na kurudisha chenji sawasawa. Hakuna aliyemwagiza kitu. Nikamwambia aendelee kuja, na akizidiwa aje siku yoyote, si lazima siku ya soko.

Siku ile nilitoka naye, maana nilikuwa na mama mwingine wa kumtembelea upande wao. Njia inapita katikati ya mihogo, kisha inateremka kwenye kijito chenye gogo la kuvukia. Kavira alitangulia, mimi nyuma. Alivuka gogo, akafika ng'ambo, akageuka. Nilidhani ananingoja mimi. Lakini aliinama, akanyoosha mkono chini, hadi usawa wa goti, akaushika hewani muda wa mtu mdogo kuvuka. Nami nilikuwa bado upande wangu, mguu mmoja juu ya gogo, na nikajikuta nimeurudisha. Sikutaka kumkanyaga.

Ndiyo, nasema kama ilivyokuwa. Mimi, mwenye diploma ya ukunga.

Kisha Kavira aliniita, "Haya, Mama, pita na wewe," na nikavuka.

Habari hizo hazikai kimya katika kijiji cha barabarani. Mama Kambale alizisikia, na yeye alikuwa na maelezo yake. Alisema ni yule marehemu anamvuta mama yake amfuate kaburini, na kwamba sindano ya wazungu imefunga tumbo ili asipate mwingine wa kumzuia. Alinijia mwenyewe kuniambia hayo, Kavira akiwa amesimama nyuma yake na kikapu. Nilianza kumweleza habari za sindano, lakini Kavira ndiye aliyemjibu. Alijibu kwa upole, akitazama chini.

"Hapana, Mama. Ule wangu hakufika kutembea. Huyu iko anatembea."

Mama Kambale alijifunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Hawakukaa tena siku ile.

Baadaye mambo ya barabara yaliharibika tena. Kambale alikuwa amepeleka mzigo upande wa Rubaya, akakwama huko na lori lake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Bidhaa zikapungua dukani, na kituoni kwangu vilevile. Katika majira hayo Kavira aliacha kuja. Siku ya soko ya kwanza nilijisemea kwamba ni mvua. Siku ya soko iliyofuata nilikwenda dukani kununua sabuni, nikakuta limefungwa, mchana, na watu wamejaa barabarani. Duka la Wanande halifungwi siku ya soko isipokuwa kuna maiti. Nilizunguka nyumba nikaingia uani.

Ukungu ulikuwa umeingia humo kabla yangu. Niliona kwanza moto, kisha chungu juu ya mafiga, kisha wanawake watatu. Kavira alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Mama Kambale alikuwa kwenye kigoda na rozari yake. Wa tatu alikuwa mama wa dawa za miti kutoka upande wa msituni, mwanamke mtulivu ambaye nilimfahamu kwa sura. Mara nyingi alinitumia wagonjwa aliowaona wamemzidi, na sikuwa na ugomvi naye. Nilisalimia kila mmoja. Walinipa mahali pa kukaa. Kwetu huingii uani kwa mtu na kuanza kupiga kelele, hata kama chungu kina sumu.

Nilimuuliza Mama Kambale wanapika nini. Alinijibu bila kuficha kwamba ni dawa ya kufungua tumbo, kusukuma nje mabaki ya sindano, ili damu irudi. Niliinuka kidogo nikanusa. Baadhi ya majani yale niliyajua. Mama Jeanne alinionyesha zamani, kwa sababu alitaka niyatambue nitakapoitwa kwa mwanamke anayevuja damu bila kukoma. Ni kweli yanasukuma. Yanasukuma kila kilichomo.

Nikamgeukia Kavira. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikamuuliza kama yule mtoto bado anamfuata.

"Hapana," alisema. "Ameacha. Siku nyingi sasa. Natembea, nasimama, nasikiliza, hakuna kitu." Alilia kimya, machozi yakienda yenyewe. "Alichoka kungojea, Mama. Amekwenda. Njo maana nimekubali kunywa."

Sijui kama ni ukunga wangu au kitu kingine kilichonituma. Nilimuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtu njia. Maziwa yanauma? Yanauma. Chakula? Hakitaki, harufu ya mawese dukani inamfukuza, ndiyo maana hata kufungua duka alichoka. Mume kabla ya safari alikuwa nyumbani? Alikuwa. Usingizi? Analala hata mchana, ameegemea magunia.

Mama Kambale aliona ninakoelekea, akakataa. Alisema mkamwana wake hajaona damu tangu sindano ile, na mwanamke asiyeona damu anapata wapi mimba?

Shikeni jibu hili, litaokoa watu. Sindano inapoachia, yai linatoka kwanza. Damu inakuja baadaye, ikiwa yai halikumkuta mtu. Kama limemkuta, damu haiji kabisa, na mama anaweza kupita moja kwa moja kutoka kwenye sindano hadi kwenye mimba bila kuona hata tone. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Nikafungua mfuko wangu. Tangu ujana wangu sikutembea bila kipimo cha mimba, na siku ile nilikuwa nacho, cha mwisho. Nikamwomba Kavira kikombe cha mkojo na nikawaomba wale mama wawili wanisubirie tu. Wakitaka kunywesha dawa, watanywesha kipimo kikishasema.

Mama wa dawa ndiye aliyekubali kwanza. "Tungojee," alisema. "Hata hii chungu iko nakataa."

Nilitazama chungu. Moto ulikuwa mzuri, kuni za mkaratusi zimekauka, zinawaka vizuri. Alisema chungu kiko motoni tangu asubuhi na hakijatoa hata povu. Nilitia kidole. Maji yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Nikatoa kidole, nikakifuta kwenye kitenge. Sina maelezo ya hilo, msinitafutie.

Kavira alirudi na kikombe. Nilichovya karatasi, nikailaza juu ya sahani, tukaizunguka sote wanne. Huko barabarani watu walikuwa wanabishana bei ya maharagwe, sauti zao zinakuja na kupotea kwenye ukungu. Mstari wa kwanza ulitokea. Kisha wa pili, mwembamba kwanza, halafu mwekundu kabisa.

Nilimwonyesha Kavira, nikamwambia maana yake.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akaweka mkono tumboni, chini ya kitovu, akaubonyeza kidogo kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akasema, na hakuniambia mimi wala mama mkwe wake, "Kumbe uliingia."

Mama Kambale aliteremka kutoka kwenye kigoda hadi chini, akakikumbatia kichwa cha mkamwana wake, na rozari yake ikakatika, shanga zikamwagika mkekani bila yeyote kuziokota. Mama wa dawa aliinua chungu kwa vitambaa, akaenda kukimwaga mbali, ng'ambo ya migomba, ambako hakuna mtu anayelima. Aliporudi alifungasha vitu vyake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine nikipima nimwite ajifunze. Nilimwita kweli, na alikuja.

Kambale alirudi kwa miguu, lori ameliacha huko huko kwa fundi. Walimwambia habari kabla hajavua viatu. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akasimama pale kwa mtoto wake wa kwanza, na alipotoka huko alinawa uso, akafungua duka.

Mimba haikuwa na shida. Kavira alijifungua kwangu, mchana wa mvua, mtoto wa kike. Nilipomfuta na kumweka kifuani mwa mama, Kavira hakutazama uso kwanza. Alishika miguu yake, akaigeuza, akatazama nyayo. Zilikuwa laini, za waridi, zimekunjamana kama za kila mtoto. Nilijua hivyo, maana nilikuwa nimekwisha kuzitazama kabla yake.

Alipokuja kwa ajili ya chanjo nilimuuliza swali la Mama Jeanne, la kupumzika na la kurudi. Alisema anataka kumpa huyu miaka ya kukua vizuri, na sindano hataki kuisikia tena. Nikamweleza kijiti: kinakaa miaka, na siku akitaka mtoto kinatoka siku hiyohiyo, hangoji kama alivyongoja. Alikubali. Akakunja kitenge, akalaza mkono mezani. Nilikuwa nimekwisha kusafisha ngozi na kushika bomba la dawa ya ganzi aliposema, "Ngojeeni kidogo, Mama."

Aligeuza uso upande wa pili, pale kando ya kiti ambapo hapakuwa na mtu, akateremsha macho, akaongea Kinande kwa sauti ndogo. Sikijui Kinande vizuri. Lakini kila mzazi anayajua maneno yale kwa mlio wake: ni yale unayomwambia mtoto unapomwacha kwa bibi, kwamba utamjia, kwamba asilie.

Niliteremsha bomba, nikangoja amalize. Nanyi mtangoja, mama akiwaomba hivyo, haiharibu kazi. Alipomaliza alinirudishia mkono wake.

"Amesikia," alisema. "Muchome."